Mafia: Kisiwa Kilichouzwa Pamoja na Mwambao

Mto Ruaha Mdogo, ambao watu wa Mlandege na mitaa mingine ya Iringa mjini huukuta bondeni wakishuka Ipogolo, huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu huingia Rufiji. Rufiji humwaga maji Bahari ya Hindi kwa midomo mingi, katikati ya msitu mkubwa wa mikoko. Ng'ambo ya mikoko hiyo kipo kisiwa cha Mafia na wadogo zake: Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Vyote ni wilaya moja ya Mkoa wa Pwani, tena ndogo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438. Ile ya 2022 ikakuta 66,180.

Mgeni hujiuliza mapema kwa nini kisiwa hiki ni cha Bara. Kwa minazi yake, misikiti yake na lugha yake kingeweza kuwa ndugu wa tumbo moja na Unguja na Pemba. Mwaka 1886, wakubwa wa Ulaya walipohesabu milki ya Sultani wa Zanzibar, waliiandika Mafia kuwa yake. Miaka minne baadaye hesabu ikabadilika. Kwa mkataba wa Julai 1, 1890, Uingereza iliiweka Zanzibar chini ya ulinzi wake, na Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Waingereza waliahidi pia kumshawishi Sultani auachie mwambao wa Bara, na Mafia ikatajwa humo kwa jina. Sultani Ali bin Said alilipwa mark milioni nne. Watu wa Mafia hawakuulizwa.

Mkataba huohuo uligusa nyanda za juu. Waingereza waliing'ang'ania Barabara ya Stevenson, iliyotoka Karonga kwenye Ziwa Nyasa kuelekea Ziwa Tanganyika na kupewa jina la tajiri wa Kiskoti aliyeigharamia. Mpaka ukachorwa ili barabara ibaki upande wao, na ndiyo maana leo Nakonde ni Zambia na Tunduma ni Tanzania. Wako waandishi wanaosema wazi kwamba Mafia ilitolewa ili kufidia ukanda wa barabara hiyo. Hata asiyekubali ubadilishanaji wa moja kwa moja atakiri kwamba kisiwa na barabara vilikuwa kwenye meza moja. Mwaka uliofuata, Agosti 1891, jeshi la Kijerumani lilipanda Uhehe na kuvunjwa na Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Lugalo. Mkataba wa Ulaya haukuwa umemtaja.

Mafia ilikuwa na historia ndefu kabla ya mizengwe hiyo. Tarehe ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba mtoto wa mtawala wa Kilwa alipelekwa kuitawala. Mji wa Kisimani, magharibi mwa kisiwa, umeliwa na bahari kiasi kwamba mabaki yake husombwa na mawimbi. Kua, katika Juani, umebaki na kuta za misikiti na nyumba ya mfalme zilizokumbatiwa na mizizi.

Kuhusu miji hiyo miwili kuna kisa cha kutisha, na husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Watu wa Kisimani, inasemekana, walialika wenzao wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi, kisha wakawalaza watoto wa wageni mchangani na kulipitisha jahazi juu yao. Kua wakanyamaza miaka. Baadaye wakaalika Kisimani harusini, katika chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, mlango ukajengewa. Kilichoimaliza Kua hakina utata kiasi hicho: katika miaka ya 1820 Wasakalava wa Madagaska waliivamia kwa mitumbwi, wakaua na kuteka. Baada ya hapo Chole ndiyo iliyoshika nafasi ya mji mkuu, mpaka Kilindoni ilipoipokea.

Vita Kuu ya Kwanza ilikigeuza kisiwa kuwa kambi. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya midomo ya Rufiji ambako meli kubwa haziwezi kuingia. Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia kwa sababu hiyo hasa. Wakaleta ndege, na wakaleta Severn na Mersey, meli za mizinga zisizohitaji kina kirefu, zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Jaribio la Julai 6 lilishindikana. Julai 11, ndege ikielekeza mizinga kutoka angani, Königsberg ilipigwa hadi nahodha Max Looff akaamuru ilipuliwe. Wajerumani waliiopoa mizinga yake na kuikokota bara, wakapigana nayo kwa miaka.

Vita vilipokwisha, Mafia haikurudi kwa Sultani. Ikawa sehemu ya Tanganyika. Minazi iliyopandwa kwa jasho la watumwa wakati wa mashamba ya Waarabu ikabaki uti wa mgongo wa uchumi. Bahari yake ilianza kulindwa rasmi mwaka 1995, ilipozinduliwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822, baada ya miaka ya uvuvi wa baruti kuvunja matumbawe. Siku hizi wageni hufika Kilindoni kati ya Oktoba na Februari kuogelea karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula viumbe vidogo mno. Anayetoka Iringa kwa basi atafika kwanza Dar es Salaam, kisha Nyamisati wilayani Kibiti, na kutoka hapo atapanda kivuko kinachopita kando ya mikoko ileile iliyoificha Königsberg.