Padre Alipokosekana: Chimbuko la Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo Afrika Mashariki

Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ni kundi la familia za Wakatoliki zinazokaa jirani, mara nyingi kumi hadi kumi na tano, ambazo hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao kusali, kusoma Injili na kupanga namna ya kusaidiana. Tanzania na Kenya, hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya Kanisa. Juu yake kuna kigango, kisha parokia, kisha jimbo. Viongozi wake huchaguliwa na wenzao na hawalipwi chochote. Maaskofu waliitangaza rasmi kuwa msingi wa maisha ya parokia mwaka 1976, lakini mizizi yake inarudi nyuma karibu miaka mia moja, katika nyakati ambazo waumini walibaki bila padre na ikawabidi waiendeshe imani wenyewe.

Buganda, 1882 hadi 1885

Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, kwa kuhofia usalama wao katika milki ya Kabaka (mfalme) Mutesa, walivuka ziwa wakaenda kusini, wakawaacha waongofu wachache ambao wengi wao walikuwa bado wachanga katika imani. Walirudi Julai 1885, baada ya Mutesa kufariki na mwanawe Mwanga kurithi kiti.

Katika muda huo wa karibu miaka mitatu hapakuwa na misa wala maungamo, lakini mafundisho hayakukoma. Ndani ya ikulu, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana waliomtumikia Kabaka na kuwafundisha sala. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alifundisha nyumbani kwake. Mityana, mbali na ikulu, Matia Kalemba Mulumba alikuwa kiongozi wa kundi la waumini waliokutana kwake, na miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Watu hawa waliwafundisha majirani, wakawaangalia wagonjwa na kuwabatiza waliokuwa kufani. Mapadre waliporudi walikuta waumini na wanafunzi wa dini ni wengi kuliko waliowaacha.

Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885, na Kaggwa, Mulumba na Mawaggali wakauawa mwaka uliofuata. Wote wanne wamo katika orodha ya mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Huadhimishwa hasa kwa jinsi walivyokufa. Kwa historia ya utumishi wa walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, walivyoishi kuna uzito uleule: walikuwa na kazi zao na familia zao, na juu ya hayo wakabeba shughuli za Kanisa zima.

Katekista

Utaratibu wa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, ulimtaka mtu ajifunze kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Mapadre wawili au watatu wa misheni moja wasingeweza kufundisha maelfu ya watu waliotawanyika vijijini kwa muda mrefu namna hiyo. Kazi hiyo ikamwangukia katekista: mtu wa kijijini, mwenye mke na watoto, aliyefundisha dini, kusoma na kuandika, akaongoza ibada ya Jumapili, akabatiza mahututi na kuzika wafu. Padre alipita kila baada ya wiki kadhaa au miezi. Siku zote nyingine, kwa wanakijiji, katekista ndiye aliyekuwa Kanisa.

Mfano mkubwa ni Adrian Atiman wa Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, kisha akakombolewa na wamisionari katika jangwa la Algeria. Walimpeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu kwa pamoja, akaoa huko, na hakuhama tena. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956, miaka 67 baada ya kufika. Mapadre na maaskofu walikuja na kuondoka, naye akabaki.

Si kila katekista alipata malipo, na waliolipwa walipata posho ndogo isiyotosha kuendesha nyumba. Familia ilikula kutokana na shamba, na mara nyingi mke wa katekista ndiye aliyelilima wakati mumewe yuko njiani kwenda vijiji vingine. Mchango wa wanawake hao haukuandikwa sana, ingawa bila wao kazi ya waume zao isingesimama.

Kilimanjaro: misheni ya Kilutheri na udugu wa Kichaga

Upande wa Walutheri, mambo yalifanana. Misheni ya Leipzig ilianza kazi Uchagani mwaka 1893. Mmoja wa wachungaji wake, Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi kuanzia mwaka 1910, alishikilia kwamba usharika haupaswi kumng'oa mtu katika ukoo wake, ujirani wake na rika lake. Wachaga walikuwa na desturi ya kuchimba na kutunza mifongo ya kupeleka maji mashambani kwa pamoja, na vijana waliopitia jando pamoja walibaki ndugu maisha yao yote. Gutmann alitaka uhusiano huo uingie kanisani: wazee wa kanisa wasimamie majirani zao, na vijana wanaopata kipaimara wafungwe katika vikundi vidogo vya kusaidiana na kuonyana.

Mpango huo ulipimwa upesi. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliotwaa Tanganyika waliwafukuza wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920, na Gutmann aliweza kurudi mwaka 1925 tu. Katikati ya miaka hiyo walimu wa Kichaga walifundisha, waliongoza ibada na kuamua mashauri ya sharika, hata pale shule zilipokosa fedha. Sharika hazikufa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, lilijengwa juu ya sharika ambazo zilikuwa zimekwisha kuzoea kuongozwa na wazee na walimu wa papo hapo.

Kutoka kiraka hadi msingi

Hadi miaka ya 1960, viongozi wa Kanisa Katoliki waliuona utumishi wa namna hii kama kiraka: ulifaa kwa kuwa mapadre walikuwa wachache, na ungepungua watakapoongezeka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, uligeuza fikra hiyo. Mnamo Novemba 1965 ulitoa hati juu ya utume wa walei, iliyofundisha kwamba mwamini anapata wajibu wake kutokana na ubatizo wenyewe, wala si kwa kumsaidia padre tu.

Mafundisho hayo yaliikuta Afrika Mashariki katika hali ya pekee. Kaskazini mwa Mkoa wa Mara, katika Jimbo la Musoma, wamisionari wa Maryknoll waliona jinsi makanisa huru yalivyowavuta Wajaluo kwa vikundi vidogo vya kusali na kusaidiana, ambamo kila mtu alijulikana kwa jina. Utafiti wa mwanasosholojia Marie-France Perrin Jassy ulichunguza makundi hayo, na parokia za eneo hilo zikaanza kujaribu vikundi vya ujirani vya namna hiyo.

Wakati huohuo, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limeweka Ujamaa kuwa njia ya taifa, na chama cha TANU kilikuwa kimepanga wananchi katika nyumba kumi kumi. Mtanzania alikuwa amezoea kukutana na majirani kujadili mambo ya wote. Askofu Christopher Mwoleka wa Jimbo la Rulenge alikwenda mbali zaidi ya wenzake: alihamia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi na kufanya kazi na wanakijiji. Kwake, kushirikiana mali na kazi kulikuwa namna ya kuishi fumbo la Utatu Mtakatifu.

Desemba 1973, maaskofu wa AMECEA, shirikisho linalounganisha mabaraza ya maaskofu Katoliki ya Afrika Mashariki, walikutana Nairobi kupanga mwelekeo wa Kanisa kwa miaka ya 1980. Walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya za mahali watu wanapoishi na kufanyia kazi. Mwaka 1976 walikutana tena Nairobi wakauweka ujenzi wa jumuiya hizo kuwa kipaumbele cha kichungaji kwa kanda nzima. Mwaka 1979 walikutana Zomba, Malawi, kutathmini walikofikia. Kongo, maaskofu walikuwa wameanza njia hiyo mapema, mwaka 1961, na Kinshasa chini ya Kardinali Joseph Malula ilikabidhi hata uongozi wa parokia kwa walei.

Uamuzi wa 1976 ndio ulioleta badiliko kubwa. Kile ambacho Mulumba, Atiman na walimu wa Kichaga walikifanya kwa kulazimika, sasa kilikuwa njia ya kawaida ya kuwa Kanisa, hata palipokuwa na mapadre wa kutosha.

Kazi za jumuiya

Jumuiya huwa na mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, pamoja na wahusika wa liturujia, wagonjwa, watoto na haki na amani. Ina mtakatifu wake, anayeitwa somo, na siku yake huwa sikukuu ya jumuiya. Mkutano huzunguka nyumba kwa nyumba. Dar es Salaam jumuiya nyingi hukutana Jumamosi alfajiri kabla watu hawajaenda kwenye shughuli. Mwenyeji hutandika mikeka, huazima viti kwa jirani, na juu ya meza huweka msalaba, mshumaa na Biblia. Husomwa Injili ya Jumapili inayokuja, na kila mmoja hueleza alichoguswa nacho. Jumuiya nyingi hufuata hatua saba zilizotayarishwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, na moja ya hatua hizo huuliza: tufanye nini wiki hii? Hapo ndipo sala inapogeuka kuwa kazi. Anatajwa mama aliyejifungua, mzee asiye na mtu wa kumchotea maji, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare.

Kipimo cha jumuiya ni msiba. Taarifa ikifika kwa mwenyekiti, kabla ya jua kuzama kazi zimegawanywa. Wanawake huja na masufuria, unga, maharage na kuni. Wanaume hutafuta turubai na viti, na vijana huchimba kaburi. Katibu hukaa na daftari, akiandika kila mchango, wa shilingi elfu moja au wa gunia la mchele, ili wafiwa wajue waliosimama nao. Kwaya, ambayo wanakwaya wake hujinunulia sare na kufanya mazoezi jioni baada ya kazi, huimba usiku wa mkesha. Baada ya mazishi, jumuiya hurudi kusali na wafiwa kwa siku kadhaa.

Barua ya jumuiya ndiyo inayomtambulisha mwamini parokiani anapotaka ndoa au ubatizo wa mtoto. Usafi wa kanisa, mapambo ya altare na ujenzi wa kigango huenda kwa zamu za jumuiya. Kenya, kila Kwaresima, jumuiya hujadili mada za kampeni iliyoandaliwa na maaskofu juu ya haki na maisha ya jamii, zikifuata utaratibu wa kuona, kuamua na kutenda.

Wanawake na miaka ya Ukimwi

Nguzo ya utumishi huu ni wanawake. Umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, WAWATA, ulioanzishwa mwaka 1972, uliwapa uongozi wao wenyewe kuanzia jumuiya hadi taifa, pamoja na mifuko ya kuweka na kukopa.

Nguvu hiyo ilionekana zaidi Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980 na 1990. Hospitali zilijaa, na wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani, baadhi yao wakikimbiwa na ndugu. Watu wa kujitolea walipita kwa zamu kuwaogesha, kuwalisha uji, kubadilisha mashuka na kukaa nao tu, wakati wengi walipoogopa hata kuwashika mkono. Dar es Salaam, Jimbo Kuu lilianzisha huduma ya PASADA mwaka 1992; Nairobi, parokia za mashariki mwa jiji zilianza mpango wao mwaka uliofuata. Programu hizo zilikuja kuwa na madaktari na dawa za kufubaza virusi, lakini zilisimama juu ya mabega ya majirani waliojua ni nyumba ipi ina mgonjwa.

Mafanikio na upungufu

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilichagua sura ya Kanisa kama Familia ya Mungu, na waraka wa Papa Yohane Paulo II uliotolewa Yaoundé Septemba 1995 ukazitaja jumuiya hizi kuwa mahali pa kuiishi familia hiyo.

Upungufu nao upo. Wanaohudhuria wengi ni wanawake. Wanaume na vijana ni wachache. Pengine mkutano hugeuka kuwa wa kukusanya michango, na asiye na kitu hukaa nyumbani kwa aibu. Wengine hujitokeza tu wanapohitaji barua. Makatekista wengi bado hawana posho ya uhakika wala akiba ya uzeeni. Parokia zilizofaulu kupunguza matatizo haya zimefanya hivyo kwa kutenganisha siku ya sala na siku ya mahesabu, kuwapa vijana majukumu halisi, na kuweka fungu la katekista katika bajeti badala ya kulitegemea kapu la sadaka.

Machi 2020, Kenya iliposimamisha mikusanyiko ya ibada kwa sababu ya Uviko-19, pengo la padre lilirudi kwa sura nyingine. Makanisa yalifungwa, lakini jumuiya zilisali kwa simu, zikachangia chakula cha waliopoteza vibarua na kuendelea kuulizana hali. Tangu Buganda ya 1882 uwezo huo wa kuiendesha imani bila padre haukuletwa na majengo wala bajeti. Umetokana na majirani waliokubali kuwajibika kwa kila mmoja wao, na ndiyo sababu maaskofu wa 1976 waliufanya kuwa msingi.