Unga Usio wa Ngano: Historia ya Maneno Machache kutoka Moshi

Mfasiri anapopewa maelezo ya kuoka biskuti za unga wa lozi zisizo na gluteni, ili ayaweke katika Kiswahili kwa ajili ya wagonjwa wa Mkoa wa Kilimanjaro, huenda akadhani kwamba kazi yake ni nyepesi. Upishi una maneno ya kila siku. Lakini neno moja likikosewa hapa, msomaji anaweza kuugua. Maradhi ya siliaki humfanya mtu ashambuliwe matumbo na kinga ya mwili wake mwenyewe kila alapo ngano, shayiri au rai, na tiba yake ni kuviacha vyakula hivyo maisha yote. Kwa mtu kama huyo, maandishi yaliyo juu ya pakiti ni sehemu ya dawa.

Tuanze na neno unga. Katika Kiingereza, neno la unga lisipofafanuliwa humwelekeza msikiaji kwenye ngano. Kiswahili hakina mwelekeo huo. Mama wa Moshi akimtuma mtoto dukani akanunue unga, mtoto huleta sembe au dona; akitaka wa ngano, hana budi kuutaja. Desturi hii ina historia. Mwaka 1848, Johannes Rebmann alipofika Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za misafara, alikuta wenyeji wanaoishi kwa ndizi za vihambani na ulezi. Ulezi ulioteshwa na kusagwa ulitiwa katika mbege, na ndizi zilipikwa kwa namna nyingi. Ndizi mbichi zikimenywa, zikakatwa vipande, zikaanikwa hadi kukauka, hutwangwa au kusagwa zikawa unga. Na hata leo unga wa ndizi kitarasa hupikwa uji mjini Moshi. Ngano ilikuja kupata nafasi kubwa katika mashamba ya walowezi ya Kilimanjaro Magharibi, na reli ya kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ikarahisisha kuingia kwa bidhaa za pwani. Kwa hiyo, katika nchi hii unga usio wa ngano ndio wa kale, na wa ngano ndio mgeni. Mfasiri anayeandika "unga mbadala" kwa maana ya unga wowote usio wa ngano anaazima fikira za watu wengine bila sababu. Aandike unga wa ulezi, unga wa ndizi, unga wa mchele, unga wa lozi, na msomaji ataelewa.

Kuhusu biskuti sina mengi. Neno limekwisha kukubalika, na wanaoandika "kuki" hawajaongeza maana yoyote. Yafaa tu kukumbuka kwamba watu wa pwani wana vileja, ambavyo huokwa kwa unga wa mchele, samli, sukari na hiliki, kwa moto wa makaa uliopaliwa juu na chini. Kileja cha namna hiyo hakina ngano hata chembe. Mwalimu wa upishi anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake biskuti ya unga wa lozi ni kitu gani, aanzie hapo.

Lozi ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na mti wake ni mlozi. (Wako wanaosema mlozi kwa maana ya mchawi, muktadha hutosha kuwatenganisha.) Tatizo liko kwingine. Pwani kuna mti mkubwa wa kivuli uitwao mkungu, wenye tunda liitwalo kungu, ambalo kiini chake huliwa na hufanana na lozi kwa ladha. Wageni waliuita mlozi wa Kihindi, na kwa sababu hiyo baadhi ya watafsiri huandika kungu mahali pa lozi. Miti hii haina ujamaa wowote: mlozi ni ndugu wa mpichi, na mkungu ni wa jamii nyingine kabisa. Tena, ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Marangu au Machame, ukamwambia mtu habari za mkungu, yeye ataelewa mkungu wa ndizi. Akisoma "unga wa kungu" atauliza, na ni haki yake, kama ni ule unga wa ndizi anaoujua. Basi lozi na ibaki lozi.

Hata hivyo, tahadhari moja inahitajika. Lozi si nafaka. Zikisagwa kupita kiasi hutoa mafuta, na unga hugeuka kuwa rojo. Mfasiri aseme wazi kwamba lozi humenywa kwa maji ya moto, hukaushwa barabara, kisha husagwa kidogo kidogo. Na kwa kuwa unga huo hauna kitu cha kuunata, yai ndilo hushika biskuti isivunjike, nazo zitokapo jikoni ziachwe zipoe kabla ya kuguswa.

Kitu hicho kinachonata ndicho gluteni. Mwaka 1745 kulichapishwa maelezo ya Mwitalia Beccari, aliyeosha donge la unga wa ngano kwa maji mpaka wanga ukatoka, kikabaki kitu chenye kunata. Kikaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya gundi. Uhusiano wake na maradhi ulikuja kuonyeshwa na daktari wa watoto Mholanzi, Willem Dicke, katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Kiswahili kina neno zuri sana, ulimbo, yaani utomvu wa kunasia ndege, na ningependa mwokaji aambiwe kwamba ngano ina ulimbo wake. Kwa kumfundishia mpishi, linafaa. Kwa lebo na hospitali halifai, kwani mgonjwa atatafuta kunata, ilhali shayiri inaweza kumdhuru ikiwa ndani ya kinywaji kisichonata hata kidogo. Hapo gluteni litumike, likiambatana na majina ya nafaka zenyewe.

Na majina hayo yana mtego. Shayiri hutumiwa na wengine kwa nafaka mbili, ile ya kutengenezea bia na ile ya uji, ambayo wengine huiita oti. Wa kwanza ana gluteni. Wa pili kwa asili hana ile inayodhuru wagonjwa wengi, ila mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani. Zaidi ya hapo kuna kimea. Uchagani, kimea ni cha ulezi, na ulezi hauna gluteni. Viwandani, kimea kwa kawaida ni cha shayiri, ambayo nayo hulimwa kaskazini mwa nchi yetu kwa ajili ya bia. Pakiti ya biskuti iliyoandikwa "kimea" bila nyongeza, ikiuzwa katika soko la Moshi, itasomwa na bibi mpika mbege kwa maana anayoijua yeye, naye atampa mjukuu wake mgonjwa bila hofu. Iandikwe "kimea cha shayiri", maneno matatu, hata kama nafasi kwenye lebo ni finyu.