Hina, Piko na Nywele za Shangazi

Hina nyeusi haipo. Ufukweni hapa Kikambala utafunguliwa kitabu cha michoro, uambiwe uchague nyekundu au nyeusi, na wageni wengi huchagua nyeusi kwa kuwa inakauka haraka na inafanana na tatuu. Lakini majani ya mhina, hata uyakande na limau, na chai, na mkaratusi, hutoa rangi ya chungwa ambayo ikikaa siku mbili inaelekea kahawia. Weusi unatoka kwengine. Sisi wa pwani tuna jina lake, piko, na wanaopamba maharusi wanajua kazi ya kila kimoja: piko ni ya kuchora mistari, hina ni ya kujazia. Shida ni kwamba siku hizi vyote viwili vinaitwa hina.

Mwaka huu jambo hilo lilitufikia nyumbani. Shangazi yangu anatibiwa saratani ya matiti. Kemo kali, ile iliyompukutisha nywele mpaka nyusi, ameimaliza, ila bado kila wiki tatu anapanda matatu kwenda Mombasa kutundikiwa dripu ya dawa nyingine. Nywele zimerudi, laini kama za kichanga, na nyeupe pepe. Harusi ya bintiye ikakaribia, akasema hatakaa mbele ya wakwe na kichwa kile. Watu wakamjia juu. Mmoja akasema rangi ndiyo iliyomletea ugonjwa. Mwengine akasema itaua nguvu ya dawa. Wa tatu akaongeza eti hata hina ya mkononi aiache mpaka apone. Shangazi akawatazama, akauliza: "Kwani niko edani?"

Kwa msomaji asiyekulia huku, swali hilo ni zito. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na katika siku hizo hajipambi: hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna hina. Kumwambia mwanamke mwenye mume asiguse hina siku ya harusi ya bintiye ni kumvisha msiba usio wake. Kwa hiyo ilibidi nijue kama kweli kuna hatari, iko wapi, na hofu yenyewe ilitoka wapi.

Hina yenyewe ni ya kale mno. Wamisri wa zama za mafarao waliijua, na jina tunalolitumia ni la Kiarabu. Rangi yake hushikana na protini ya nywele, kucha na ngozi, ikakaa juu mpaka nywele ikue au ngozi ijivue. Kwa mtu mzima ina upole, japo neno "asilia" lisikulaze usingizi. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana maeneo yenye historia ndefu ya malaria, pwani yetu ikiwemo. Watoto wachanga wenye upungufu huo waliopakwa hina mwilini wamewahi kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu. Bibi zetu wanaopaka vichanga hina hawajaisikia hii.

Rangi ya boksi ina ukoo mwengine kabisa. Karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walikuwa wakikamua rangi kutoka lami ya makaa ya mawe, na kati ya walichopata ni kitu kiitwacho parafenilenediamini, kwa kifupi PPD. Peke yake haina rangi ya maana. Ikikutana na hewa, au na peroksaidi, inageuka nyeusi tititi, na kwa vile chembe zake ni ndogo inaingia ndani ya nywele kabla ya kugeuka. Ndiyo maana haitoki kwa kuosha. Mwaka 1907 mwanakemia Mfaransa Eugène Schueller alianza kuwauzia wasusi wa Paris rangi za namna hiyo, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni ambayo leo ni L'Oréal.

Madhara hayakuchelewa. Mwaka 1933 Marekani ilikuwa na rangi ya kope iitwayo Lash Lure, yenye PPD ndani. Wanawake walivimba macho, wengine wakapofuka, na mmoja akafa. Kashfa hiyo ilisaidia kuzaa sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Hebu angalia ujanja uliofanyika hapo: rangi za kope zikabanwa, lakini rangi za nywele zitokanazo na lami ya makaa zikaachwa ziuzwe, mradi boksi liwe na onyo na maelekezo ya kujipima kwanza kwenye ngozi. Ile karatasi yenye maandishi ya chungu, inayokwambia upake kidogo usubiri saa 48, ambayo sote tunaitupa? Ndiyo uzao wa mapatano hayo.

PPD haikubaki saluni. Iliingia kwenye hina. Miaka ya 1980 madaktari wa Khartoum walikuwa wakiandika juu ya wanawake waliochanganya unga wake na hina ili iwe nyeusi, wakaletwa hospitali koo limevimba na figo zimegoma. Kwenye fukwe zetu madhara mara nyingi ni madogo kuliko hayo: malengelenge yanayofuata ua lote lilivyochorwa, na kovu. Lakini mwili ukishaikataa PPD mara moja hausahau. Msichana anaweza kuchorwa Kikambala akiwa na miaka 12, halafu akiwa na 30 apake nywele rangi ya boksi huko kwao, uso uvimbe macho yasifunguke. Ulaya sheria inairuhusu PPD kwenye nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapopakwa, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Mchoraji wa ufukweni hapimi asilimia.

Sasa hofu ya saratani. Nayo ina tarehe. Mwaka 1975 Bruce Ames na wenzake huko Berkeley walipima rangi 169 za kudumu kwa kutumia bakteria, na 150 zikaonekana kuharibu vinasaba vyao. Habari ikatapakaa, watengenezaji wakabadilisha michanganyiko. Bakteria si binadamu, kwa hiyo watafiti wakaanza kuwafuata watu wenyewe. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani wa wanawake zaidi ya 46,000 ulikuta kwamba waliotumia rangi ya kudumu walipata saratani ya matiti kwa asilimia 9 zaidi ya wasiotumia. Kwa wanawake weusi tofauti ilikuwa asilimia 45. Mwaka uliofuata utafiti mwengine, wa wauguzi zaidi ya 117,000, haukuona ongezeko la saratani kwa jumla. Wengi wa wauguzi hao walikuwa wazungu. Mimi ningependa kuona hesabu kama hizo za wanawake wa Mtwapa na Majengo kabla sijatuliza moyo, lakini hakuna katika tafiti hizi inayompa mtu haki ya kumnyooshea shangazi kidole kuwa alijiletea.

Swali la mtu aliye kwenye dawa ni jengine, na jibu lake liko kwenye historia ya dawa zenyewe. Kemo ya kwanza ilitokana na gesi ya vita: mwaka 1942, chuoni Yale, madaktari walimpa mgonjwa wa uvimbe wa tezi dawa ya jamii ya gesi ya haradali, siri iliyotolewa mwaka 1946 vita vilipokwisha. Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 saratani ya taya za watoto ambayo leo ina jina lake, na katika miaka ya 1960 Kampala na Nairobi zilikuwa kati ya mahali pa kwanza duniani kuonyesha kwamba kuna saratani inayoweza kuponywa kwa dawa tupu. Moja ya dawa hizo, vinkristini, inatoka kwenye ua la Madagaska, lile la waridi lenye petali tano ambalo hoteli za Kikambala zimelipanda kando ya vijia.

Dawa hizi huwinda chembe zinazogawanyika haraka. Shina la nywele ni mojawapo, ndiyo maana nywele huanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dozi. Ngozi na chembe nyeupe za damu nazo hupigwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Kichwa kikavu, chepesi kuchubuka, kikimwagiwa peroksaidi na PPD kinaungua. Na penye kidonda wadudu huingia kwa mtu asiye na askari wa kutosha wa kuwazuia. Kwamba rangi inaua nguvu ya dawa, hakuna ushahidi wa hilo. Wauguzi wengi wa saratani hushauri rangi ya boksi ingoje kama miezi sita baada ya kemo, nywele na ngozi zipate nguvu, na kichwa kinachopigwa mionzi kisiguswe. Baadhi ya kemo pia huchubua viganja, basi hata hina ya mkono inataka kuulizia kwanza.

Tuliuliza. Muuguzi hakujibu ndiyo wala hapana, alisema, "Hina ipi? Nileteeni pakiti." Zilikuwa mbili. Ya kwanza, iliyoandikwa hina nyeusi, ilikuwa na PPD kwenye orodha ya nyuma. Akaiweka kando. Ya pili ilikuwa majani matupu. Akatazama majibu ya damu, akagusa kichwa cha shangazi, akasema ajaribu nyuma ya sikio, angoje siku mbili, kukiwa kimya apake. Kulikuwa kimya. Kwenye nywele nyeupe hina haina aibu: shangazi alitoka na kichwa rangi ya embe bivu, na picha zote za harusi zinaanzia kwake.

Aliyempaka ni msusi wetu wa Majengo. Yeye hupaka rangi za boksi vichwa vingi kwa wiki, mwaka nenda mwaka rudi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limesema tangu mwaka 1993 kwamba kazi ya ususi na unyozi yenyewe huenda inasababisha saratani, hasa ya kibofu. Kuhusu mteja anayejipakia nyumbani halikuona ushahidi wa kutosha kusema hivyo. Kila boksi huja na glavu mbili za plastiki. Yeye anasema zinateleza. Kucha zake ni nyeusi tangu nimjue.