Nani aliamua kioo cha kompyuta king'ae?

Oktoba 2024 kampuni ya Apple ilitoa toleo jipya la MacBook Pro, na katika orodha ya nyongeza za kulipia ikaweka kitu ambacho wateja wake wa zamani walikuwa wameshakikatia tamaa: kioo kisichong'aa. Anayekitaka anaongeza dola 150 za Marekani juu ya bei ya kompyuta. Jina lake lilikuwa la kisasa, "nano-texture", na utengenezaji wake ni wa kisasa kweli. Lakini haja kinayoitimiza ni ya zamani. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo iliuza kioo kisichong'aa kwa nyongeza ya dola 50, mwaka 2013 ikakiondoa kabisa, na kabla ya 2006 haikutoza hata senti, kwa sababu kompyuta zake mpakato zote zilikuwa hivyo.

Kitu kilichokuwa cha bure kimegeuka kuwa anasa ya kulipia. Waliokifikisha hapo ni watu wa aina mbili ambao hawakuwahi kukaa meza moja: wauzaji wa maduka ya vifaa vya umeme na watunga sheria za kazi wa Ulaya. Mwenye macho hakuulizwa sana.

Tuanze na kioo chenyewe. Kioo cha kawaida, mwanga ukikipiga kwa mbele, hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga huo kutoka kwenye uso wake. Ni kiasi kidogo mpaka ukitie kwenye hesabu. Skrini ya kompyuta mpakato ya kawaida hutoa mng'ao wa niti 200 hadi 300. Shati jeupe lililopigwa na jua la saa sita mchana hung'aa kwa zaidi ya niti 20,000. Asilimia 4 ya hizo ni niti 800. Kwa hiyo ukikaa barazani juani na shati lako jeupe, taswira ya shati hilo kwenye kioo inaishinda kwa mbali barua unayoiandika. Si macho yako yaliyochoka wala si betri iliyopungua. Ni hesabu tu.

Njia za kupambana na hali hiyo ni mbili, na historia yote ya skrini hizi imo humo. Ya kwanza ni kuuchafua uso wa kioo kwa makusudi: unawekwa vijibonde na vijilima vidogo visivyoonekana kwa jicho, na mwanga unaokuja unatawanywa pande zote badala ya kurudi kama picha kamili. Ndivyo kinavyofanya kazi kioo cha dirisha la bafuni. Taa iliyo nyuma yako haipotei, ila haina tena umbo la taa. Inakuwa ukungu mwepesi uliotandaa. Njia ya pili ni ya kisayansi zaidi: kukipaka kioo tabaka jembamba mno, la unene wa robo ya wimbi la mwanga, ili mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka na ule unaorudi kutoka chini yake uuane wenyewe kwa wenyewe.

Njia hii ya pili ina ukoo mrefu kuliko kompyuta. Mwaka 1886 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alibaini jambo la ajabu: kioo kilichofubaa kwa umri kilipitisha mwanga mwingi kuliko kioo kipya. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss, Ujerumani, alipata namna ya kuzipaka lenzi tabaka la kuzuia mwakisiko, na ugunduzi huo ukafanywa siri ya kijeshi. Miaka mitatu baadaye Katharine Blodgett, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alitandaza tabaka 44 za mchanganyiko wa sabuni juu ya kioo katika maabara ya General Electric mjini Schenectady, Marekani. Kila tabaka lilikuwa na unene wa molekuli moja. Kioo chake kilipitisha takriban asilimia 99 ya mwanga. Kasoro yake ilikuwa moja: ukikifuta, tabaka lote linatoka. Wapiga picha na watengeneza darubini ndio waliofaidi kazi za watu hawa. Watengeneza kompyuta, kama tutakavyoona, walichagua njia rahisi.

Kompyuta mpakato za mwanzo hazikuwa na anasa ya kuwazia mng'ao. Waandishi wa habari wa Marekani waliobeba TRS-80 Model 100, iliyotoka mwaka 1983, walikuwa na mistari minane tu ya maandishi na hakuna taa yoyote nyuma ya kioo. Mashine ilikula betri nne ndogo, na ili usome ulihitaji mwanga wa chumba au wa jua. Ajabu ni kwamba mashine hiyo ilisomeka vizuri nje kuliko nyingi zilizoifuata. Taa za nyuma na rangi zilipokuja, hasa baada ya IBM kutoa ThinkPad 700C mwaka 1992 yenye skrini ya rangi ya inchi 10.4, tatizo likageuka: sasa skrini ilishindana na mwanga wa nje badala ya kuutumia. Watengenezaji wakabandika juu yake utando wenye chembe ndogondogo za kutawanya mwanga, wakaendelea na kazi nyingine. Kwa miaka kumi hivi hakuna aliyeulizwa anataka kioo cha namna gani.

Wakati huohuo maofisini watu walikaa mbele ya yale makompyuta makubwa yenye mgongo, na taa ndefu za dari zikijichora kwenye vioo vyao kuanzia asubuhi. Wengi tunakumbuka vile vioo vya ziada vilivyoning'inizwa mbele ya skrini miaka ya tisini, ambavyo watu waliamini vinazuia mionzi isiwaharibu macho. Kazi yake ya maana zaidi ilikuwa kupunguza mwakisiko.

Huko Ulaya jambo hilo lilifika kwa watunga sheria. Tarehe 29 Mei 1990 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo namba 90/270 kuhusu afya na usalama wa wafanyakazi wanaotumia skrini. Ndani ya kiambatisho chake, katikati ya masharti ya viti na meza, upo mstari unaotaka skrini isiwe na mng'ao wala mwakisiko unaoweza kumsumbua anayeitumia. Uingereza ikatunga kanuni zake mwaka 1992. Agizo liliziacha kando kompyuta za kubebeka zisizotumika muda mrefu mahali pa kazi, lakini mfanyakazi anayeifungua mpakato yake mezani saa nane kwa siku hakuwa ndani ya msamaha huo. Ofisa manunuzi anayeagiza kompyuta elfu moja kwa ajili ya benki hatafuti kesi. Kwa maoni yangu, hii ni sababu kubwa ya ThinkPad, Latitude za Dell na EliteBook za HP, yaani mashine za maofisini, kuendelea kuja na kioo kisichong'aa hata pale mitindo ilipogeuka.

Na mitindo iligeuka kwa kishindo. Ilianzia Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati kompyuta mpakato ilipoanza kubeba kisomeo cha DVD na kutumika kama televisheni ya chumbani. Sony iliondoa ule utando wenye chembe kwenye VAIO zake, ikaweka utando laini. Matokeo yaliwashangaza watu. Kioo chenye chembe hutawanya mwanga wa chumba kote, hivyo nyeusi yake huwa na ukijivu. Kioo laini hurudisha mwanga huo upande mmoja, na kama upande huo si wako, nyeusi inabaki nyeusi na rangi zinasimama. Wamarekani waliuziwa teknolojia hiyo kwa jina la XBRITE, Wazungu wa Ulaya wakaambiwa X-black. Baada ya muda mfupi kila kampuni ilikuwa na jina lake: HP iliita BrightView, Toshiba TruBrite, Acer CrystalBrite, Dell TrueLife. Majina mengi, kitu kimoja, na hakuna hata jina moja lililotaja kwamba utajiona usoni ukiandika.

Siwalaumu sana. Fikiria mpangilio wa duka: kompyuta thelathini mezani, zote zimewashwa kwa mwanga wa juu kabisa, zote zinaonyesha picha za matunda na bahari. Mnunuzi anapita kwa dakika kumi. Kioo kinachong'aa kitashinda kila mara, kwa sababu duka halina dirisha la magharibi wala halikai saa kumi jioni na ripoti ya kurasa arobaini. Kilichojaribiwa dukani ni picha. Kinachotumika nyumbani ni maandishi.

Apple iliingia Mei 2006. MacBook ya inchi 13.3 ilikuja na kioo kinachong'aa tu, na kwenye MacBook Pro ikawa hiari. Oktoba 2008 hiari ikafutwa: MacBook Pro mpya ya inchi 15 ilifunikwa kioo halisi kutoka ukingo hadi ukingo, chenye fremu nyeusi. Ilipendeza sana kuitazama, na wapiga picha na wahariri wa filamu, watu walioibeba kampuni hiyo katika miaka yake mibaya, wakapiga kelele. Januari 2009 kampuni ikalegeza kwenye mashine ya inchi 17, na Agosti mwaka huo kwenye ya inchi 15, kwa zile dola 50. Mwaka uliofuata kioo kisichong'aa kikafungamanishwa na skrini ya gharama zaidi, nyongeza ikawa dola 150. Juni 2012 ilipokuja skrini yenye pikseli nyingi iliyoitwa Retina, Apple ilisema mwakisiko wake umepungua kwa asilimia 75. Oktoba 2013 mashine ya mwisho iliyotoa hiari ile ikaondolewa sokoni.

Ule upunguzaji wa asilimia 75 ulikuwa hatua ya kweli. Hapo hatimaye njia ya akina Smakula na Blodgett iliingia kwenye kompyuta za watu wengi. Lakini kuna sababu nyingine iliyokiimarisha kioo laini, nayo ni kidole. Baada ya iPhone ya 2007, na hasa baada ya Windows 8 ya Oktoba 2012, kompyuta mpakato nyingi zilitaka kuguswa, na skrini ya kugusa ilihitaji kioo kigumu juu yake. Kioo hicho kilikuja laini. Aliyetaka kisichong'aa akaelekezwa kwenye mashine za ofisi.

Kulikuwa na jaribio moja la kuikwepa vita hii yote. Mwaka 2007 mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto ulitoa mashine ya kijani na nyeupe iitwayo XO, ambayo skrini yake ilibuniwa na Mary Lou Jepsen. Ndani ya nyumba ilionyesha rangi kwa taa ya nyuma. Juani ilitumia jua lenyewe na kusomeka kwa rangi nyeusi na nyeupe, bila kushindana nalo. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizozichukua kwa wingi. Mradi ulilaumiwa kwa mengi, na mengine kwa haki, lakini skrini ile ilielewa mazingira yetu kuliko kompyuta nyingi za dola elfu mbili.

Kwetu Afrika Mashariki simulizi hii ina mkia wake. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ni zilezile Latitude, EliteBook na ThinkPad zilizomaliza muda wake maofisini Ulaya na kwingineko. Ndiyo maana mwanafunzi wa chuo aliyenunua mtumba mara nyingi anasoma vizuri chini ya mwembe kuliko rafiki yake aliyenunua mpya ya bei ya chini, inayong'aa kama ilivyotoka kwenye boksi. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya makarani wa Ulaya imemfaa yeye, bila yeyote kukusudia.

Kioo kisichong'aa nacho kina lawama zake, na wapenzi wake hawapendi kuzisikia. Pikseli zinapokuwa ndogo sana, zile chembe za utando hupinda mwanga wake na kurasa nyeupe huonekana kama zimenyunyiziwa chumvi inayometameta. Teknolojia ya nano-texture inajaribu kuliondoa hilo kwa kuchonga kioo chenyewe, kwa vipimo vya nanomita, badala ya kubandika utando juu yake. Ilipoanza kuuzwa Desemba 2019, kwenye skrini ya mezani ya Apple, nyongeza yake ilikuwa dola 1,000, na ilikuja na kitambaa maalumu cha kuifutia. Mwaka 2021 kitambaa hicho kikaanza kuuzwa peke yake kwa dola 19. Kwa bei hiyo hata Blodgett angecheka.

Uamuzi wangu ni huu. Anayeandika, anayesoma au anayepiga hesabu mchana, karibu na dirisha au barazani, achukue kisichong'aa na asiyumbishwe na picha za matunda. Anayehariri picha katika chumba anachoweza kukitia giza, au anayetazama filamu usiku, kinachong'aa kitampa rangi nzuri zaidi kwa fedha hizohizo. Dukani, mwombe muuzaji aizime kompyuta kwanza, uitazame ikiwa nyeusi chini ya taa zake. Kitakachoonekana humo ndicho utakachokaa nacho miaka mitano. Na kioo kikivunjika, mwambie fundi mapema unataka cha aina gani, maana paneli nyingi za inchi 15.6 hutengenezwa za aina zote mbili na huingia kwenye mashine ileile, mradi ukubwa, vishikio na pini za waya zilingane. Usipomwambia, atakufungia iliyopo kabatini.