Jagi la Saa Tatu Usiku

Bitiruti mbili, karoti nne, tango zima na kipande cha tangawizi kinachokaribia kidole gumba. Nilikuwa nimekwisha kuvimenya na kuvikata, blenda imeshaanza kunguruma, wakati mama mdogo wangu, aliyekuwa amefika mchana huo kutoka Tanga, aliposimama mlangoni pa jiko akiwa amejifunga khanga yake ya kulalia.

"Mwanangu, vyote hivyo usiku huu?"

"Ni mboga tu, Mama mdogo. Wanasema zinasaidia usingizi."

"Mboga si tumekula? Tango baridi, tangawizi moto, karoti sukari. Hilo tumbo lako litalala saa ngapi?"

Nilichuja, nikajaza jagi, nikanywa glasi mbili kubwa. Ilikuwa saa tatu na robo. Saa sita nikaamka kwenda msalani, saa nane tena. Saa kumi na nusu nikawasha taa, nikaona mkojo mwekundu, na moyo ukanipasuka mpaka nilipokumbuka bitiruti. Rangi yake hupita mwilini mwa baadhi ya watu bila kuvunjwavunjwa, kama mtu mmoja kati ya kumi hivi, na mimi kumbe ni mmoja wao. Nilipotoka nilimkuta Mama mdogo amekaa sebuleni na tasbihi yake, anangoja adhana ya alfajiri. Hakuniuliza kitu. Alinyamaza, na unyamavu wake nilikuwa naujua.

Kilichonishughulisha baadaye ni kwamba mimi na yeye sote tulikuwa tunasema mambo ya zamani sana. Mimi nilirudia dai kwamba mboga mbichi za jioni huleta usingizi. Yeye alipima kila kitu kwa baridi na moto. Ukiyafuatilia madai hayo mawili unafika mahali pamoja, kwa mganga mmoja wa karne ya pili, mzaliwa wa Pergamon, mji wa Kigiriki katika nchi inayoitwa leo Uturuki.

Galen alikuwa tabibu wa wafalme wa Rumi, mwandishi asiyechoka, na mzee aliyekosa usingizi. Katika kitabu chake juu ya nguvu za vyakula anasimulia kwamba ujanani alijizoeza kukesha, na uzee ulipofika mazoea hayo yakamgeukia. Dawa aliyoiamini ilikuwa kula saladi jioni, yale majani mapana ambayo sokoni kwetu huuzwa kwa mafungu pembeni mwa nyanya. Kwake jambo hili halikuwa la uchawi. Kila kitu duniani kina sifa zake: kina joto au baridi, kina ukavu au unyevu. Saladi ni baridi na ina unyevu. Kichwa cha mtu asiyelala kimepata joto na kukauka. Basi majani hayo huenda kukizimua.

Warumi wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja. Mababu zao walimalizia karamu kwa saladi, ili wakitoka mezani wakalale. Ilipofika zama za mshairi Martial, mwishoni mwa karne ya kwanza, saladi ilikuwa imehamia mwanzoni mwa mlo, naye anauliza kwa kejeli kwa nini. Napenda swali lake kwa sababu linaonyesha jinsi dawa inavyogeuka kachumbari bila mtu yeyote kutoa tangazo.

Kabla ya Rumi ilikuwapo Misri, na huko mambo ni kinyume kabisa. Vunja shina la saladi iliyokomaa, hasa ile ndefu iliyoanza kupanda maua, na utaona utomvu mweupe unatoka kwa matone. Mimi nilijaribu sokoni Kisutu. Tone lilikuwa zito kama maziwa ya mpapai, na lilipogusa ulimi likawa chungu kuliko nilivyotarajia. Muuzaji alinitazama, akasema, "Kaka, unaionja au unainunua?" Ikabidi ninunue. Wamisri wa kale waliutazama weupe huohuo wakaona mbegu ya mwanamume. Saladi ikawa mmea wa mungu Min, mungu wa uzazi, na katika michoro ya kutani mwa mahekalu, Karnak ikiwamo, miche yake mirefu imesimamishwa nyuma yake. Kwao hii haikuwa mboga ya kulaza mtu. Wagiriki nao wakaigeuza maana: katika hadithi zao Adonis anahusishwa na saladi na kifo, na wafuasi wa Pythagoras waliuita mmea huo kwa jina la towashi.

Utomvu ni uleule. Mmoja anaona usiku wa kazi, mwingine anaona usiku wa kulala, wa tatu anaona mwanamume aliyeishiwa. Nadhani tukisoma habari za vyakula na afya siku hizi tungefaa kuikumbuka safari hii ya jani moja: watu huanza na wanachokitaka usiku, kisha wanakitafuta kwenye mmea.

Elimu ya Galen ilisafiri kwa Kiarabu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anaitaja saladi miongoni mwa vinavyoleta usingizi, na anaieleza kwa lugha ileile ya baridi na unyevu. Matabibu wa Uajemi na India waliofuata njia hiyo, ambayo mpaka leo huitwa tiba ya Kiyunani, wakaongeza mafuta ya mbegu za saladi, yanayopakwa kichwani kwa asiyelala. Na elimu hiyo ilishuka na majahazi mpaka pwani yetu. Kama huamini, litazame jina la maradhi ya viungo: baridi yabisi. Hapo wanatamka Galen na Ibn Sina. Baridi na ukavu ni sifa mbili kati ya zile nne, na zimekaa ndani ya Kiswahili kwa utulivu kiasi kwamba mtu huenda hospitali kulalamikia goti bila kujua kwamba anataja nadharia ya Kiyunani. Rutuba, ambayo leo tunaiachia mashamba, nayo kwa asili ni unyevu. Mama mdogo hajapata kusikia jina la Galen. Lakini alipohesabu baridi ya tango na moto wa tangawizi mlangoni pale, alikuwa anasoma kitabu chake kwa kichwa.

Tangawizi ndiyo inayonifanya nicheke. Sisi huitia katika kila juisi, iwe ya miwa, ya nanasi au ya bitiruti, bila kujali saa. Wachina wana msemo unaoisifu tangawizi ya asubuhi na kuifananisha ya usiku na sumu kali. Wamezidisha, lakini mantiki yao ni kwamba usiku mwili unaingia ndani kupumzika na tangawizi inauita utoke nje. Tiba yao kwa jumla haipendi vitu vibichi na vya baridi, kwa kuwa hulichosha tumbo linalotakiwa kuvipasha moto kwanza. Ayurveda ya India nayo inajali sana saa ya kula, na inakataza mtindi usiku. Hizo ni tamaduni mbili kubwa za tiba, na katika zote mbili jagi langu lisingepita hata mlangoni.

Kwa hiyo Galen angenitetea? Hapana, na hapa ndipo ninapoona sisi wa blenda tumekosea. Galen alikula majani. Hakuyageuza maji. Wale waliouamini utomvu wenyewe walitumia kiasi kidogo mno: mwaka 1799 daktari John Redman Coxe wa Philadelphia aliulinganisha na kasumba, na karne ya 19 Ulaya na Marekani wakaukausha na kuuuza kwa jina la laktukariamu, wakidhani wamepata kasumba isiyo na madhara. Haikuwa na nguvu waliyoisifia, ikafifia. Wazo lenyewe halikufa: mwaka 1909 Beatrix Potter alitunga hadithi ya watoto ambamo sungura wadogo wanakula saladi iliyopitiliza, wakalala fofofo mpaka wakatiwa kwenye gunia. Kemia ya leo inazijua lactucin na lactucopicrin, chembe chungu zilizomo katika utomvu huo, na panya waliopewa walitulia. Ila saladi laini ya sokoni ina kidogo sana. Wakulima wamekuwa wakichagua mbegu zisizo chungu kwa karne nyingi, na uchungu ndio uliokuwa dawa.

Jagi ni kitu kingine. Tango ni maji kwa asilimia 95 hivi. Ukisaga na kuchuja, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio na unakunywa maji yenye sukari ya karoti na madini ya potasiamu. Usiku ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze mkojo ili mtu alale mfululizo, lakini nusu lita ya saa tatu na robo haisubiri homoni. Ukitia nyanya na ndimu, ukajilaza palepale, asidi inapanda kifuani. Bitiruti ina naitreti, ambayo bakteria wa ulimini huanza kuibadilisha na mwishowe mishipa ya damu inalegea na shinikizo kushuka kidogo kwa saa kadhaa. Ni jambo jema kwa wengi, la kuuliza daktari kwa anayemeza vidonge vya presha au mwenye figo dhaifu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kunywewa kitandani.

Watanzania wanaosaga matembele kuongeza damu, mara nyingi na ndimu ndani, wana sababu yao na ni nzuri, kwa kuwa vitamini C husaidia madini ya chuma ya majani kuingia mwilini. Lakini nao wakiulizwa kwa nini usiku, husema tu kwamba ndipo wanapopata nafasi. Hilo ndilo jibu la kweli la mjini. Tunarudi saa mbili na foleni mwilini, mboga za siku nzima hatujazila, tunataka kuzilipa zote kwa glasi moja kabla ya kulala.

Mama mdogo alikaa wiki mbili. Siku ya tano nilimkuta saa kumi jioni ameitoa blenda mwenyewe kabatini, karoti zimeshamenywa, tango limekatwa nusu na nusu nyingine imerudi friji. Aliniagiza nisage, kisha akakiona kipande cha tangawizi mkononi mwangu.

"Nipunguzie huo moto," alisema, akakichukua, akakikata ukucha tu, na kilichobaki akakitia kwenye sufuria ya chai ya asubuhi.