Mnyororo na Mkanda katika Nchi ya Pamba na Dhahabu
Malori ya zamani yaliyochukua pamba ya Shinyanga yaliendesha vali zake kwa gia au kwa mnyororo wa chuma. Chuma kikichakaa hupiga kelele, na fundi hodari aliujua ugonjwa kwa sikio tu. Mwaka 1962 kiwanda cha Glas, Ujerumani, kilitoa motokaa yenye mkanda wa mpira wenye meno. Mkanda huo aghalabu hukatika pasipo kuonya.

Kabla haujaenea Usukumani, mafundi walipita katika dhiki. Vita vya Kagera vya 1978–79 na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya vipuri kuwa adimu kama dhahabu ya Geita, ambayo mgodi wake mkubwa ulifungwa mwaka 1966 na haukufunguliwa tena hadi 2000. Wakajifunza kuchomelea, kuchonga, na kuvua vipande vya gari bovu. Hapana aibu katika elimu hiyo. Bila yake malori mengi yangalilala. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao nje kuleta bidhaa, na baadaye motokaa kuukuu za Japani zikajaa.

Kwa mkanda, mazoea ya dhiki hayafai. Uliovuliwa, hata uking'aa, umri wake haujulikani. Ukikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga vali, na shilingi zilizookolewa humezwa mara nyingi zaidi. Afungaye uani kwake hana budi kununua mpya kwa namba ya injini, kuhesabu meno na kupima upana, kubadili na puli ya kukaza, kupatanisha alama, kisha kuzungusha injini kwa mkono mara mbili kabla ya kuiwasha.