Buswelu na Historia ya Kuandika Kisukuma

Buswelu ndipo yalipo makao ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza, iliyoundwa mwaka 2012. Nalitaja hili kwanza kwa sababu manispaa ndiyo inayochora vibao vya majina, na majina ya nchi hii ya Wasukuma yameandikwa kwa muda mrefu na wageni, kila mmoja akifuata sikio la kwao.

Mpelelezi Mwingereza Speke alilifikia Ziwa Victoria Agosti 1858, akaliandika jina la Mwanza kuwa Muanza. Ramani za Wajerumani zikasema Muansa, na mwaka 1898 Mjerumani Herrmann akachapisha maelezo ya lugha aliyoiita Kissukuma. Mjerumani huisoma s moja iliyotangulia irabu kama z. Ndiyo maana Muansa ina s moja na Kissukuma ikapewa mbili. Utaratibu ulikuwepo, ila ulikuwa wa Kijerumani.

Hata jina Sukuma, yaani kaskazini, lilitoka vinywani mwa majirani wa kusini, Wanyamwezi. Wenyewe kwa wenyewe hutajana kwa pande: mtu wa Bariadi hunena Ginantuzu, wa upande wa Shinyanga Jinakiiya. Katika orodha ya lugha za Kibantu, wanaisimu wamekipa Kisukuma namba F21 na Kinyamwezi F22, ingawa wasemaji wa lugha hizo mbili huelewana.

Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka 1925, Biblia nzima 1960. Kazi ilikuwa ngumu: lugha ina irabu saba, alfabeti ya Kiswahili ina tano. Ina toni pia, ambayo mwanaisimu Richardson aliichambua mwaka 1959. Wazungumzaji wa Kikantoni wanaijua taabu hiyo. Hong Kong ina mfumo wa Jyutping, wa kuandika Kikantoni kwa herufi za Kirumi, tangu 1993, unaoonyesha toni kwa tarakimu, lakini vibao vya mitaa bado havionyeshi toni.

Kinachoniuma zaidi ni konsonanti, maana herufi zake tunazo. Nyamhongolo, palipo na stendi ya mabasi, ina mh, yaani m inayotoka na pumzi puani, na ina l, kwa kuwa Kisukuma hakina r. Lakini utaiona pia ikiandikwa Nyamhongoro, hata Nyamongoro. Manju na mganga mashuhuri Ng'wanamalundi naye vitabuni amekuwa Mwanamalundi.

Naiomba manispaa, kabla ya kuchora kibao kingine, iwaulize wazee wa mtaa husika wanavyolitamka jina, kisha iliandike hivyo, h na ng' zikiwa mahali pake.